Chujio la Mashine ya Vyombo

Kwenye pantoni la Kigamboni, Mwishehe, fundi bomba wa Temeke, alikaa karibu na mama mmoja aliyekuwa akilalamika. Mashine yake ya kuoshea vyombo haitoi maji. Yamelala humo siku tatu, yananuka kama mtaro.

"Chujio umelisafisha, mama?" akamuuliza.

"Chujio lipi, mwanangu? Ile mashine ni ya kisasa, inajifanyia kila kitu."

Mwishehe akameza kicheko. Za kisasa alishazifungua nyingi, akazikuta zimekabwa na ugali na miiba ya samaki. "Lipo ndani, chini kabisa. Unalizungusha, linatoka. Imeanza lini kugoma?"

"Wiki hii hii niliyomrudisha Vaileth, binti wangu wa kazi, kwao Singida. Nikaona wa nini, na mashine ninayo?"

"Kwani jikoni alikuwa anafanya nini?"

"Hana analofanya. Kila nikiingia namkuta kapiga magoti mbele ya mashine, anachokonoachokonoa. Nikamwambia ataniharibia."

"Ndani, chini kabisa?" Mwishehe akauliza. Mama akajishika magoti, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa mie na magoti yangu haya, hilo chujio nalitoaje?"

Kabla hajajibiwa, pantoni likagota gati la Magogoni, watu wakaanza kushuka.