Kibodi Chini ya Leso

"Mama, kibodi imepitwa na wakati," Chengo alimwambia abiria mwenzake kwenye tuktuk ya Mambrui, akigusagusa kioo cha kompyuta yake mpya. "Kesho kila kompyuta itakuwa kioo kitupu." Shikamoo alikuwa ameitoa vizuri, adabu hakukosa, alikosa breki.

Abiria huyo, Mastura, karani wa kupiga chapa wa siku nyingi, alimkazia macho usoni. Kompyuta yake mwenyewe, ya kibodi, ilikuwa mapajani, ameifunika leso kwa ajili ya vumbi, mikono yote miwili ndani. "Sema, mwanangu, nakusikia."

Chengo akasema mpaka tuktuk ikasimama. Mastura akafunua leso. Maneno yote ya Chengo yalikuwa pale yameandikwa, na nukta zake. "Haya, niandikie yangu kwa kioo chako, huku wewe wanitazama mimi, si kioo."

"Lakini..." Chengo akaanza.

Hilo nalo vidole vya Mastura vikaliandika.