Fundi Zebedayo Mshana, Aliyempa Kobe Miguu ya Upepo

Tarehe 31 Desemba mwaka huu wa 1958, kengele ya karakana itakapolia saa kumi jioni, Fundi Zebedayo Mshana atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili na miezi tisa ya utumishi katika Shamba la Mkonge la Mtakuja. Ndiyo siku yake ya kustaafu. Watu wengi waliopo hapa leo hawajapata kuiona karakana hii bila yeye.

Baba yangu, karani wa karakana, ndiye aliyeniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya sherehe ya kumuaga. Mengi yaliyomo nimeyapata kwa watu waliofanya kazi naye. Yeye mwenyewe alipoulizwa alisema tu, "Nilikuja, nikapiga chuma, chuma kikakubali," kisha akaendelea na kazi yake.

Fundi Zebedayo alizaliwa Usangi, katika milima ya Upare, kwenye nyumba ya wahunzi. Kazi yake ya kwanza utotoni ilikuwa kufukuta moto wa baba yake. Mivukuto ya baba ilikuwa viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, na kila kiriba kilikuwa na mrija wake. Mtoto hukaa katikati, akabonyeza cha kulia, kisha cha kushoto, moto ukaamka. Naomba msomaji avikumbuke viriba hivyo, maana tutavirudia.

Alifika Mtakuja Machi 1926 akinuia kumaliza vipande sita vya kazi, kila kimoja siku thelathini, na kurudi kwao. Alikata mkonge wiki tatu. Wiki ya nne springi ya toroli ya kubebea majani ilikatika, na toroli nyingine zote zikakwama nyuma yake relini. Kijana mkata mkonge akaomba makaa na nyundo. Saa ya chakula toroli ilikuwa inatembea, na kuanzia siku hiyo hakushika tena panga la mkonge. Kufikia mwaka 1939 alikuwa fundi mkuu wa springi, na malori ya mashamba jirani yalikuwa yakiletwa kwake.

Ana desturi moja ambayo madereva wote wanaijua na wengi wameilalamikia. Hatengenezi springi ya gari tupu. Ukimletea lori atakurudisha ghalani ukapakie marobota kwanza, ndipo achukue ufito wake wenye alama za kisu apime nafasi kati ya ekseli na fremu. "Gari tupu husema uongo," ndiyo kauli yake. Mwaka 1951 lori la kuipeleka kwaya ya Kilutheri Tanga mjini kwa Krismasi lilikuwa linayumba. Fundi aliwaamuru wanakwaya wote wapande, akapima, akatikisa kichwa. Kisha akawaambia waimbe, kwa sababu waimbaji hawakai tuli. Waliimba nyimbo nne wakiwa juu ya lori katikati ya karakana, naye yuko chini ya gari amelala chali na ufito wake. Lori halikuyumba tena, na wapo wanaosema kwaya haijapata kuimba vizuri kama siku ile.

Lakini kazi ambayo tutamkumbukia zaidi ni ile ya Kobe.

Shamba letu lina kambi mbili ng'ambo ya mto Pangani, upande wa kwenda Mkwaja. Huko hakuna zahanati. Zamani mgonjwa alibebwa kitandani hadi mtoni, akasubiri pantoni. Mwaka 1955 Bi Mastura, mke wa mkata mkonge wa kambi ya pili, alishikwa na uchungu akiwa anasubiri pantoni hiyo. Alijifungulia ukingoni, na mtoto hakuishi. Baada ya msiba huo Nesi Beatrisi wa zahanati ya shamba alikwenda kwa Bwana Meneja mara tatu. Mara ya tatu alipewa pikapu moja nzito, na seremala akamjengea nyumba ya mbao juu yake: kabati la dawa, tangi la maji, meza, na kitanda cha kulala nesi siku nne za kila safari, ambacho kwa haja kinakuwa kitanda cha mgonjwa. Bwana Meneja alisema ni majaribio. Gari likishindwa, nyumba itashushwa na pikapu itarudi kubeba vipuri.

Wafanyakazi walipoliona gari limebeba nyumba mgongoni waliliita Kobe, na jina likakaa.

Kobe alianza vibaya. Nyumba ilikuwa nzito, springi za nyuma zikalala, pua ya gari ikatazama mbinguni. Watu walimshauri Fundi aongeze vyuma vya springi. Aliongeza viwili, na gari likasimama sawa. Lakini sasa lilikuwa gumu kama jiwe, na katika safari moja ya kambini chupa kumi na tisa za dawa zilivunjika. Nesi Beatrisi alirudi na sanduku la vigae vya chupa akaliweka mbele ya Fundi. Fundi alivitoa vile vyuma viwili, akavaa koti lake la kanisani, akaenda Tanga.

Huko mjini, mtaa wa Usagara, kuna duka la vipuri la Bwana Zainuddin Esmailji. Bwana Zainuddin alimwonyesha kitu kilichokuja kwa meli: mifuko miwili ya mpira mnene, kila mmoja ukubwa wa boga, ya kuwekwa kati ya ekseli na fremu, mmoja kulia na mmoja kushoto. Ukipakia mzigo unaijaza upepo kwa pampu ya tairi, na ukishusha mzigo unaupunguza. Chuma hakiwezi kufanya hivyo. Chuma kigumu ni kigumu siku zote. Fundi aliibonyeza mifuko kwa gumba, akauliza inabeba ratili ngapi, akarudi nyumbani bila kuichukua. Alimpakia Kobe kila kitu, tangi limejaa na watu wawili wamekaa kitandani, akampima kwenye mizani ya marobota gurudumu moja moja. Aligundua kwamba upande wa kulia, wenye tangi na kabati, ulizidi wa kushoto kwa ratili mia moja na arobaini. Ndipo akarudi Usagara.

Bwana Zainuddin alimweleza kwamba mifuko inaweza kuunganishwa kwa bomba moja lenye mdomo mmoja wa kujazia. "Mdomo mmoja, Fundi, kazi moja," alisema. "Unajaza mara moja tu, pande zote zinapata sawa." Fundi alipenda neno hilo. Aliamini upepo utajigawa wenyewe, na ule uzito wa kulia utabebwa na wote wawili.

Siku ya kuifunga mifuko karakana nzima ilikuja kutazama. Dereva wa Kobe, Bwana Hatibu wa Pangani, ni mtani wake wa miaka mingi, na siku hiyo hakumwacha. "Tazameni Mpare huyu," alisema, "hata upepo anaupima kwa kibaba!" Fundi alimjibu kutoka chini ya gari, "Na wewe nitakupunguzia, umejaa kupita kiasi." Kobe alipojazwa aliinuka polepole kama ngamia, akasimama sawasawa, na watu wakapiga makofi.

Ilikuwa Aprili 1957, masika, na mwezi wa Ramadhani. Katika mteremko wa kuingia pantoni njia imelala upande wa kulia, na mvua ilikuwa imeikwangua zaidi. Bwana Hatibu aliteremka taratibu, mwendo wa mtu kwa miguu. Hata hivyo nyumba iliegemea kulia, ikazidi kuegemea, magurudumu ya kushoto yakawa mepesi, na Kobe akalalia mnazi wa kando ya njia. Mnazi ule usingekuwapo, gari, nesi na dereva wangekuwa mtoni. Hakuna aliyeumia, ila dawa zote zilimwagika.

Maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema Hatibu alikwenda kasi. Wengine walisema alisinzia kwa sababu ya saumu. Bwana Meneja alimsimamisha kazi, akatoa amri: Ijumaa nyumba ishushwe, safari za ng'ambo zimekwisha. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Hakuna aliyemtuhumu Fundi Zebedayo. Angeweza kunyamaza. Badala yake alimvuta Kobe karakanani, akampakia upya kila kitu, kisha akawaita wapakiaji wanne wakasimama juu ya ubao wa upande wa kulia. Alipima kwa ufito. Kulia gari lilishuka vidole vinne, na kushoto likainuka vidole vitatu. Aliwaambia washuke, wapande tena. Walipanda na kushuka mara sita. Mara ya saba alikaa chini sakafuni, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, akawa anabonyeza hewa, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Wapakiaji walidhani mzee amepatwa na jambo. Kumbe alikuwa amerudi Usangi, kwenye viriba vya baba yake.

Mfuko wa upande mmoja ukibanwa, upepo wake hutafuta pa kwenda. Kama bomba ni moja, hukimbilia mfuko wa pili, ambao hauna shida. Upande mzito hushuka zaidi, na ule mwepesi huinuliwa. Viriba vya mhunzi havifanyi hivyo, kwa sababu kila kimoja kina mrija wake na hukutana motoni tu.

Fundi alikwenda ofisini kwa Bwana Meneja akiwa amevua kofia. Baba yangu alikuwapo, na maneno haya ameyakumbuka vizuri. "Bwana, Hatibu hakusinzia wala hakukimbia. Gari liliegemea kwa sababu mimi nililifundisha kuegemea. Nilidhani upepo hugawana mzigo kama ndugu. Kumbe upepo humkimbia mwenye mzigo."

Bwana Meneja alimuuliza kama anajua anachokisema, maana kosa hilo lilikuwa karibu liue watu wawili. Fundi alijibu kwamba anajua, na kwamba anaomba apewe mpaka hiyo hiyo Ijumaa; akapewa.

Usagara hapakuwa na mabomba mengine. Alichukua bomba la shaba kutoka injini ya zamani ya korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge, iliyokufa tangu wakati wa vita, akalikata na kulikunja kwa mkono. Alitoa valvu kwenye mpira wa ndani wa tairi bovu akatengeneza mdomo wa pili. Sasa kila mfuko ulikuwa na bomba lake na mdomo wake, na wa kulia aliujaza zaidi kwa sababu ya tangi. Kisha alikwenda nyumbani kwa Bwana Hatibu, akaketi naye akafuturu, ingawa yeye ni Mlutheri, akamwomba radhi mbele ya watoto wake. "Mimi nimekwisha kusamehe, Fundi," alisema Bwana Hatibu. "Kobe sijui, mwulize mwenyewe."

Ijumaa asubuhi Bwana Meneja alisimama penye ule mnazi. Bwana Hatibu, aliyekwisha kurudishiwa kazi, alishika usukani. Nesi Beatrisi alitaka kupanda nyuma, Fundi akamkatalia. "Wewe, mwanangu, umekwisha lipia kosa langu mara moja," alisema. Alipanda mwenyewe ndani ya nyumba, akasimama kati ya kabati na kitanda bila kushika kitu. Juu ya meza aliweka bakuli la maji lililojaa hadi ukingoni. Kobe aliteremka. Penye mlalo wa njia aliegemea kidogo, kama mtu anayesikiliza, akarudi, akaingia kwenye pantoni. Mlango ulipofunguliwa Fundi alikuwa palepale, na viatu vyake vilikuwa vimelowa kidogo tu. Bwana Meneja alitazama lile bakuli muda mrefu, akasema neno moja, "Endeleeni," akarudi ofisini. Jumatatu iliyofuata Kobe alivuka mto na dawa zake. Chupa moja tu ilivunjika, na Nesi Beatrisi anakiri kwamba aliiangusha mwenyewe.

Tangu siku hiyo hakuna wiki ambayo kambi za ng'ambo zimekosa dawa. Novemba mwaka jana Bi Mastura alishikwa tena na uchungu, na safari hii pantoni ilikuwa upande wa pili vilevile. Alijifungua juu ya kile kitanda, Kobe akiwa amesimama kwenye mteremko wa ng'ambo, ukingoni palepale, sawasawa. Mtoto ni wa kike, na ameanza kutembea.

Ziko kazi nyingine nyingi ambazo nafasi haitoshi kuzieleza. Lakini walio karibu naye wanasema jambo walilojifunza kwake si la springi. Mtu ambaye hakushtakiwa alisimama akajishtaki, ili mwenzake arudishiwe kazi na wagonjwa wasiachwe.

Idara ya karakana ilimuuliza Fundi angependa zawadi gani. Aliomba lile bomba moja la kwanza, lililomwangusha Kobe. Limeng'arishwa, na atakabidhiwa leo. Anasema atalitundika juu ya mlango wa kiwanda cha uhunzi atakachofungua huko Usangi, ili wanafunzi wake walione kila wanapoingia.

Jumamosi, tarehe 3 Januari, Kobe atampeleka kwanza ng'ambo, kwa kuwa Bi Mastura na akina mama wa kambi zote mbili wamepika na hawakubali aondoke bila kula kwao. Halafu atampeleka stesheni ya Tanga kupanda treni ya Upare. Bwana Hatibu ataendesha. Nesi Beatrisi ametandika kitanda cha nyuma, na ameagiza kwamba safari hii Fundi asisimame: alale. Fundi amekubali, kwa sharti kwamba kabla ya kuondoka aipime mifuko mwenyewe, wa kulia na wa kushoto, gari likiwa limepakiwa, naye akiwa ndani. Hakuna aliyejua atawezaje kuwa juu ya gari na chini yake kwa wakati mmoja. Bwana Hatibu amemaliza ubishi: ufito atashika yeye.

Asante, Fundi Zebedayo, kwa miaka yote hii, na zaidi kwa ile wiki moja ya Aprili. Shikamoo ya karakana nzima, na ya ng'ambo ya mto, iende nawe. Mungu akujalie uzee wenye afya na njia isiyolala upande, na kila penye mzigo upepo usikukimbie.