Mwalimu Edinah Chebet Wasike, Aliyesubiri Ufizi Upone

Wachungaji, walimu, majirani wa Munyaka na nyote mliofika hapa Moi's Bridge, haya ndiyo maisha ya mama yetu.

Marehemu Mwalimu Edinah Chebet Wasike alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Burnt Forest, mtoto wa tatu wa wakulima wa viazi, akasoma huko msingi na sekondari, akahitimu ualimu mwaka wa 1987, na kuanzia Januari 1988 akafundisha darasa la kwanza mjini Eldoret bila kuomba darasa lingine. Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa kanisani na Mzee Wasike, wakajaliwa watoto wawili, Cynthia na Brian.

Mwaka wa 2014 alipatikana na kisukari, akaendelea kufundisha, hadi asubuhi ya tarehe 9 Juni 2018, ambapo ng'ombe aliyekuwa akimkamua alimpiga teke mdomoni, akapoteza meno manne ya mbele. Alipewa meno ya kubandika, lakini yalilegea kila alipotamka fa, fe, fi, na siku yalipoanguka mezani darasa zima lilicheka, naye akacheka nao, kisha akaenda kulia katika ofisi ya walimu. Mwalimu mkuu alimshauri ahamie maktaba, yeye akaomba apewe mwaka mmoja.

Daktari wa meno, Wahome, alikataa kugusa taya lake mpaka sukari ishuke, ikashuka, na tarehe 12 Desemba 2018 akamwekea skrubu mbili za madini ya titani ndani ya mfupa, za kushikilia meno mapya, zikakaa chini ya ufizi miezi minne. Zilipofunuliwa, ilibaki ufizi uzizunguke na kuzibana kama kola ya shati, ili uchafu usiteremke hadi mfupani, lakini wiki ya pili upande wa kushoto ulivimba na kutoa damu, kwa kuwa mama, akiogopa maumivu, hakuwa akipasafisha.

"Mwalimu, usipopaosha ufizi hautashika," daktari alimwambia, "na hiyo skrubu nitaing'oa."

Tangu hapo, asubuhi na jioni, alisimama mbele ya kioo na brashi laini na kikombe cha maji ya chumvi, akisafisha huku machozi yakimtoka, hadi tarehe 3 Juni 2019, daktari alipopima kwa kijichuma chake na damu haikutoka. Mwezi uliofuata alifungiwa meno ya kudumu juu ya skrubu hizo, akafundisha miaka sita zaidi.

Tarehe 20 Oktoba 2025 alipatwa na kiharusi, akalazwa. Muuguzi aliyemtayarisha kwa upasuaji alimwomba atoe meno ya kubandika, naye, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametamka neno, alikishika kidole cha muuguzi, akakiweka kwenye ufizi wake, akasema polepole, "Haya ni yangu."

Alituacha tarehe 3 Novemba 2025, saa nne asubuhi, Cynthia akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Daktari Wahome aliyekuja kumwona wodini, majirani waliotukamulia ng'ombe majuma hayo mawili, na walimu walioshika darasa lake.

Mwalimu, mama yetu, Bwana akupumzishe kwa amani.