Mwinjilisti Aliyekataa Kutubu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo namkumbuka mwinjilisti Efrazia Semboja, mzaliwa wa Kerenge, aliyefundisha neno la Mungu kwenye laini, zile kambi za wakata mkonge pale Ngombezi, hadi sauti ikamkauka. Tumemzika Alhamisi. Tumemzika, lakini nusura afukiwe kimyakimya kama mtu asiye na kwao.

Efrazia alikuwa na ulimi. Darasa lake la Biblia halikuwa la kusinzia. "Mnadhani kanisa lilianza siku babu zenu walipobatizwa?" Kisha anawarudisha Aleksandria ya kale, tauni inaua, watu wanatupa wagonjwa wao barabarani, Wakristo wanabaki kuuguza na kuzika. "Hao ndio wazee wenu," anasema. "Msiwaaibishe."

Basi akafariki Janeth. Janeth alikuwa mwanafunzi wake, akiishi na Jabiri, mkata mkonge, Mwislamu wa Kang'ata, bila ndoa ya kanisani. Kwa hiyo kanisa lilikuwa limemtenga. Na mnajua desturi yetu: aliyetengwa hapigiwi kengele, hasomewi neno, mchungaji haji. Mzee wa kanisa, Gerald, alimzuia Efrazia mlangoni. "Mwinjilisti, ukienda kaburini na Biblia, na wewe umetengwa."

Efrazia akaenda. Jabiri na wenzake wamebeba jeneza, yeye ametangulia. Akasoma habari za Yesu kuteswa nje ya lango la mji, akafunga Biblia. "Bwana wetu naye alikufa ametengwa," akasema. "Yusufu wa Arimathaya hakungoja kikao cha wazee. Alikwenda kuomba mwili." Watu walilia, jamani. Hata sasa nikisimulia, roho inaniuma.

Jumapili iliyofuata jina la Efrazia likasomwa kanisani. Ametengwa. Tangu hapo wenzake wakienda kwenye meza ya Bwana, yeye anabaki amekaa, kichwa chini. Njia ya kurudi kundini ilikuwa moja tu: asimame mbele ya washarika, aseme amekosa. Hakusimama.

Mwaka huu figo zikamlaza. Mzee Gerald akamfuata hospitalini Korogwe. Grace, binti wa marehemu, alikuwepo. Ananiambia hivi: "Nilimwamkia shikamoo, akavuta kiti. Akasema, 'Mama, huna haja ya kusema. Itikia tu kwa kichwa kwamba ulikosa, tukuzike kwa heshima.' Nikamshika mama mkono. Nikamwambia, mama, itikia. Usipoitikia, aibu nitabaki nayo mimi."

Mama alimtazama binti yake, akamtazama tena. "Dhambi zangu nimezitubu, mwanangu, na nyingine usingependa kuzisikia. Hii siitubu. Nikiitikia, nitakuwa nimemfukua Janeth."

Mzee Gerald akachukua kofia yake akaondoka. Kesho yake Efrazia akafariki. Hakuitikia.

Alhamisi tulingoja kaburini. Kengele kimya. Mchungaji hakuonekana. Jua likatupiga, watu wakaanza kutazamana, na Grace akawaambia vijana wenye majembe wafukie tu, yaishe. Ndipo mzee Gerald akatokea kwenye njia ya shambani, Biblia kwapani. Nilidhani amekuja kutukataza. Hakusalimia mtu. Alisimama upande wa kichwa, akasoma neno, akaomba, akachota udongo. Kisha akatugeukia. "Najua nilichokifanya," akasema. "Fukieni."

Grace, pole sana, dada yangu. Jabiri, ndugu wa Kerenge, na ninyi nyote mliofundishwa naye, poleni. Mungu amlaze mama yetu pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, hili mkalitafakari majumbani. Jumapili hii jina la mzee Gerald litasomwa kanisani. Likisomwa, msikimbilie kusema amina.