Dada Yetu Aliyemsoma Kufuli

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake nasimama kuwasomea safari ya dada yetu, nanyi mtanivumilia sauti ikinikatika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa tatu wa mama fundi cherehani na baba karani wa stesheni, akasoma shule ya msingi iliyotazamana na nyumba yetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1988 akahitimu chuo katika fani ya kompyuta, wakati ambapo wengi wetu mtaani tulidhani anasomea kupiga chapa.

Tarehe 1 Februari 1989 aliajiriwa idara ya maji, katika chumba chenye baridi kali hata akawa anavaa sweta la mama mwaka mzima, ambako pampu zote za mji ziliongozwa na programu iliyoandikwa kwa asembli, ile lugha ya amri fupi fupi ambayo mashine huielewa upesi kuliko binadamu, nayo haikuwa na hata neno moja la maelezo. Aliyeiandika alikuwa mhandisi mkimya ambaye wenzake walimwita Kufuli. Mwaka 1993, kompyuta iliyoiendesha programu hiyo ilipochoka, dada alipewa kazi ya kuihamishia kwenye lugha inayosomeka, lakini Kufuli hakumsaidia, kwani aliamini kwamba siku kila mtu atakapoweza kuisoma kazi yake, yeye atawekwa kando.

Dada akaisoma peke yake mstari kwa mstari, akakuta kipande kilichohesabu kurudi hadi sifuri bila kufanya lolote, akakiona ni uzembe, akakifuta, na siku ya majaribio vali, ile koki kubwa ya bomba kuu, ikajifunga kwa kishindo, bomba la uani likapasuka, na gari la meneja likaoshwa bila kuombwa. Kwa kuwa mficha uchi hazai, alimwendea Kufuli viatu vikiwa vimelowa, akakiri kwamba amekwama, kisha akamweleza vipande vingine vyote alivyovielewa, na jinsi vilivyompendeza, na yule bwana, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, akavuta kiti, akamfahamisha kwamba kuhesabu kule kuliipa vali muda wa kujifunga taratibu. Walimaliza pamoja, mashine ya zamani ikazimwa tarehe 30 Juni 1995 bila maji kukatika, naye Kufuli akabakizwa kazini awafundishe vijana.

Dada na Kufuli walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1995, wakajaliwa binti na mwana, na hadi uzeeni shemeji alilalamika mezani kwamba mkewe alimrefushia maneno, naye dada akimjibu kwamba mafupi ni ya mashine, marefu ni ya watakaokuja. Jamani, mabishano yale tutayakumbuka sana.

Alianza kuugua figo mwaka 2019, akafariki hospitalini asubuhi ya tarehe 6 Mei 2023, mumewe akiwa kando ya kitanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutulindia nyumba, na wafanyakazi wenzake, wakiwemo vijana wanaoendelea na kazi yake. Shemeji ameshindwa kusimama hapa, ila ameniomba niseme kwamba katika maisha yake alikuwapo mtu mmoja tu aliyemwelewa kabla hajafungua mdomo, na leo tunamzika.

Pumzika, dada yetu, pumzika kwa amani.