FreeBSD ya Sirili

Nauza kahawa Njoro, kwenye kona ya fundi viatu, mwanangu mgongoni. Benchi langu lina wenyewe. Sirili, tunayemwita Seva, hufunga kompyuta kubwa za ofisini, zile zinazolisha nyingine zote. Huziwekea FreeBSD, programu ya bure ya kuziendesha, ambayo hapa mjini anaijua peke yake. Fredy huweka Linux, ya bure vilevile, na ofisi nyingi zinamkimbilia yeye. Wa tatu ni mzee Wenseslaus, dereva mstaafu, jina lake la kijiweni Waziri. Asubuhi hiyo kampuni moja ya kupandisha wageni mlimani ilikuwa inachagua kati ya vijana hawa wawili. Sirili alikuwa amevimba kwa wivu, lakini alipoona jua linampiga mwanangu, alihama upande ili amkinge.

— Fredy, umeshapata ofisi ngapi sasa? Sirili akauliza.

— Sihesabu, kaka.

— Sikia anavyoringa! Mimi ninazo mbili, lakini Ulaya kampuni kubwa zote zinatumia yangu.

— Mbona hatuzisikii? Waziri akauliza.

— Zinaficha, mzee. Wewe ukiwa na ng'ombe anayejaza ndoo, utamwita jirani aje aone?

— Thubutu! Atamtia jicho.

— Basi ndiyo hivyo. Zinaogopa jicho.

— Kumbe! Waziri akakolea. Hata ndege zinazoshuka hapo uwanjani KIA, rubani anakunywa chai tu. Inayoendesha ni FreeBSD!

— Mzee, hapo umezidisha, Fredy akacheka. Ila ni programu nzuri. Nilimwomba anifundishe, akakataa.

— Nikufundishe uninyang'anye na hizo mbili?

Nikamjazia Fredy kikombe.

Ndipo akaja dada Salvina, meneja wa ile kampuni ya mlimani.

— Shikamoo mzee. Kaka Sirili, bosi ameipenda kazi yako. Ila Krismasi wote mnapanda migombani kwenu, na sisi ndiyo wageni wametujaa. Mtambo ukizima na wewe uko Kibosho unachinja, tumpigie nani?

— Mpigieni Fredy, yeye hubaki mjini, Waziri akamwokoa.

— Fredy haijui FreeBSD, Sirili akasema, haraka mno.

— Kwa nini haijui, na mnakaa benchi moja?

Sirili akamgeukia Fredy. Waziri akachungulia ndani ya kikombe chake. Fredy jibu alikuwa nalo. Aliinama akaanza kufunga kamba za viatu, akafunga taratibu, cha kwanza, kisha cha pili.