Springi Laini za Fundi Murithi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumanne iliyopita, gari jeusi la kifahari lililoundwa miaka ya 1930 lilitoka Garissa kuelekea Modogashe. Nyuma lilikuwa limekaa chini kuliko mbele.

Wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka fundi Silas Murithi, aliyekuja Garissa kutoka Meru akiwa kijana na kufungua gereji. Gari lile ni la Keynan, mfanyabiashara wa mifugo, aliyelirithi kwa babake. Springi zake za nyuma zilikuwa ngumu kama ubao. Lakini kiti cha nyuma ni kipana, mtu anaweza kulala. Mama yake Keynan, Bi Rukiyo, alikuwa ametibiwa nyonga iliyovunjika. Alitaka kurudi kwao Modogashe bila kuumia.

Murithi akapunguza vyuma vya springi za nyuma, akatia mpira kati ya vilivyobaki. Akazunguka mjini na glasi ya chai sakafuni, nyuma. Chai haikumwagika.

"Fundi, hili ni gari au godoro?" Keynan akamtania.

"Godoro. Na godoro halibebi magunia."

Asubuhi ya safari buti lilijazwa mitungi ya maji, kama afanyavyo kila msafiri wa njia ile. Murithi alikuwa amelijaribu gari kwa watu na chai. Hakulijaribu kwa maji.

"Tupunguze mitungi, mama."

"Wewe mtu wa Meru, kwenu mvua ni jirani," alijibu Bi Rukiyo. "Huku maji hayaachwi nyumbani, mwanangu."

Murithi alicheka, akakaa mbele, akitega sikio.

Kabla ya Modogashe, chuma kiligonga nyuma. Kikagonga tena. Springi ilikuwa imekatika. Walisimama kando, penye mchanga, wakateremsha mitungi. Keynan akasema, "Tumshushe na hooyo," yaani mama yake.

"Amelala. Mkimshusha mtamtonesha," akasema Murithi. Akaweka jeki juu ya kipande cha ubao, akaingia chini kufunga springi.

Gacheri, mjane wake, ametuambia: "Kwenye gereji yake hakuruhusu mtu kuingia chini ya gari lenye abiria. Hata mara moja."

Gacheri, wewe na watoto, poleni sana. Nasi tulio barabarani, tujiulize: tukimwonea huruma aliye kitini, aliye chini tumemwangalia?

Ubao ulizama mchangani, Murithi akiwa bado chini ya gari. Keynan alikuwa akitafuta mawe ya kuzuia magurudumu. Bi Rukiyo aliamka.

"Nilihisi gari likishuka polepole," alisema. "Halikunitikisa hata kidogo."